Kila Simu na Ugonjwa Wake

Siku hizi ukienda kwa watu ukaomba chaja, unapewa tu. Zamani ulihojiwa kwanza: "Pini nene au nyembamba?" Nokia za mwanzo zilikula pini nene, zilizofuata zikala nyembamba, Samsung ilikuwa na yake bapa, Motorola na yake, na mwenye simu ya Kichina alikuwa na waya ambao hata aliyemuuzia hakujua mwenzake unapatikana wapi. Kila nyumba ilikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa nyaya za simu zilizokwisha kufa, na hakuna aliyethubutu kulitupa, maana ipo siku angekuja mgeni wa pini nene.

Mambo yakishindikana kabisa, kulikuwa na kobe. Najua wa rika langu mmeshacheka. Kobe ni kile kichaja cha kubana: unachomoa betri kwenye simu, unazisogezasogeza zile ncha mbili za chuma mpaka ziguse vibati vya betri, unabana, unachomeka ukutani, na vitaa vya kijani na vyekundu vinaanza kukonyezana. Vikigoma, unaigeuza betri unajaribu upya. Muda wote huo simu yenyewe imelala kifudifudi mezani, mgongo wazi, laini inaonekana. Mke wangu akipita alikuwa akiifunika kwa kitambaa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema haipendezi wageni kuiona hivyo.

Na betri zenyewe ziliazimika. BL-5C ileile iliingia kwenye Nokia 1100 ya tochi, ikaingia kwenye 6600 ya wenye nazo, ikaingia kwenye N70. Mlinzi wa getini na bosi wake waliweza kubadilishana betri, na ofisini kwetu nimeshuhudia wakibadilishana, bosi amesimama pale kibandani kwa mlinzi anasubiri kwa heshima zote, koti mkononi.

Basi nisogezee hicho kikombe nikusimulie tulivyokuwa tukichagua simu miaka ile simu za intaneti zinaanza kuingia mifukoni mwetu. Nasema kuchagua, kwa sababu kulikuwa na kazi ya kuchagua kwelikweli. Leo ukiingia dukani zimepangwa zote nyeusi, zote kioo kitupu, unauliza kamera na ukubwa wa hifadhi, unalipa, unaondoka. Wakati ule kila simu ilikuwa na umbo lake, tabia yake na ugonjwa wake, na hakuna hata moja iliyokuwa nzima. Ukinunua, ulikuwa unaamua ni ugonjwa gani utaweza kuishi nao.

Sisi wa Dar es Salaam mambo yalianza kuchangamka baada ya Julai 2009, ule mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipofika kutoka baharini. Kabla ya hapo intaneti ilikuwa kitu cha kufuata kwenye vibanda vya kompyuta, unalipa kwa nusu saa, unasubiri ukurasa ufunguke huku dakika zako zinaliwa na wewe umekodolea macho kioo cheupe. Baadaye kampuni za simu zikaanza kuuza intaneti kwa vifurushi, ukikwangua vocha kwa ncha ya shilingi unaingia mtandaoni ukiwa umekaa chini ya mwembe. Gazeti lisilochafua vidole! Ghafla ile simu ya tochi tuliyokuwa tumeridhika nayo ikaanza kuonekana haina elimu.

Nilikwenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, mwaka 2011, nikiwa na mpwa wangu, binti aliyekuwa anasoma chuo pale Mlimani. Kama hujawahi kufika Aggrey wa enzi hizo, nikwambie kulikuwaje. Kila duka limetoa spika nje na kila spika inaimba lake, huku taarabu, huku Bongo Fleva, katikati milio ya Nokia inajaribiwa mmoja baada ya mwingine. Kuna harufu ya plastiki mpya ikitoka kwenye maboksi, na harufu ya risasi inayoyeyuka kutoka kwenye meza za mafundi barazani, na mihogo ya kuchoma ikipita kwenye toroli. Vijana wanakushika mkono wa shati. "Shikamoo mzee wangu, karibu ndani, orijino kabisa, haijafunguliwa!" Ikiwa haijafunguliwa, mbona gundi ya boksi ina alama ya kucha? Hayo hukuuliza.

Tuliingia kwenye duka la kijana mmoja mpole aliyemfahamu mpwa wangu. Akatandika kitambaa cha manjano juu ya kioo, akaziweka tatu: BlackBerry Curve 8520, Nokia 5230 na Nokia E63. Kisha akafanya jambo ambalo wauzaji wa siku hizi wameliacha, akanitajia magonjwa.

BlackBerry, akasema, ina heshima. Vitufe vyake vidogo vimejaa herufi zote, na katikati kuna kijibonyezo cha kuteleza, ukipitisha kidole mshale unakimbia kwenye kioo. Ila bila kifurushi chake maalumu cha mwezi haina maana, na intaneti yake ni ya mwendo wa pole, haipandi ile ya 3G. Nokia 5230 ni ya tachi, kioo kizima, vijana wanaipenda. Lakini tachi yake haisikii kidole kilaini, inataka kucha, na Wi-Fi haina. Ndugu yake mkubwa, 5800, kiwandani walikuwa wakiifungia na kijipande cha plastiki kama cha wapiga gitaa, cha kubonyezea kioo. Fikiria mtu mzima kwenye daladala ya Mbagala, ameshika bomba kwa mkono mmoja, anatafuta kijipande chake mfukoni ili apokee simu. Na hii E63, akasema akiigeuzageuza, kamera yake si ya kujisifu, nzito kidogo, haina tachi. "Lakini mzee, kwa chaji ya hii utasahau ulikoiweka chaja."

Mpwa wangu alitaka ninunue BlackBerry. "Mjomba, BlackBerry ndiyo simu ya watu wa ofisini." Nilijua fika kwamba anaitaka yeye, anajua nitaichoka ndani ya miezi michache na mrithi yuko tayari. Nikachukua E63, nyekundu iliyoiva, kwa laki mbili na ushei baada ya kubishana kwa muda wa kutosha mtu kunywa kahawa na kashata. Alinuna mpaka tukafika Magomeni.

Mwaka ule wa 2011 ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, mnaukumbuka. Maji yalipungua kwenye mabwawa, Mtera hoi, na giza likawa mpangaji wetu. Hapo ndipo E63 ilipojua kutulipa fadhila. Ukibonyeza kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi ukakishikilia, taa ya kamera inawaka, tochi hiyo. Hufungui chochote, hutafuti chochote. Hata gizani kidole kinakijua, maana ndicho kirefu kuliko vyote. Mke wangu hakuwahi kujifunza kutuma picha kwa simu ile, lakini kile kitufe alikijua siku ya kwanza. Wakati mwingine nilikuwa naitafuta simu, naikuta jikoni imesimamishwa kwenye mtungi wa chumvi inamulika sufuria ya wali, mwili mzima una harufu ya kitunguu, na kuna ujumbe watu watatu wamenitumia. Yeye anasema, "Ngoja kwanza nipalie."

Ugonjwa wa E63 ulikuwa vyeti. Hizi Nokia za Symbian zilikuwa zinadai cheti kwa kila programu unayotaka kuingiza, na vyeti vyenyewe vilikuwa na tarehe ya mwisho. Unapata programu nzuri, umerushiwa na mtu kwa bluetooth, unaifungua, simu inakuambia cheti kimeisha muda wake. Basi. Dawa yake ilitembea kwa mdomo mitaani, mtu anakunong'oneza: nenda kwenye saa, irudishe simu nyuma miaka miwili, ingiza programu yako, kisha irudishe leo. Na ilikubali! Simu ya thamani yote hiyo, iliyotengenezwa na Wafini waliosoma, inadanganywa na mshona viatu wa Manzese kwa kubadilishiwa kalenda.

Tatizo ni kukumbuka kuirudisha. Mwenzangu mmoja ofisini alisahau. Simu yake ikawa inaishi mwaka 2009 na yeye yuko 2011. Siku moja tuko kwenye kikao kizito cha bajeti, kengele ikalia kumkumbusha kikao cha harusi ya binamu yake. Harusi ilishaliwa siku nyingi, na ndoa yenyewe ilikuwa imekwisha vunjika.

Nilisomea mambo mengi kwenye kile kioo kidogo. Opera Mini, ile yenye herufi O nyekundu, ilikuwa inaukamua ukurasa kwanza huko kwenye mitambo yao ndipo inauleta kwako ukiwa mwembamba, ili usimalize kifurushi. Blogu ya Michuzi nilikuwa naifungua kila asubuhi, picha zimezimwa, sehemu ya picha kuna kiboksi kitupu, nami nasoma maelezo na kujipigia picha mwenyewe kichwani. Kwa msiba au harusi ya mtu ninayemfahamu ndipo nilipowasha picha, nakubali kuingia gharama. Desemba ile nchi ilipotimiza miaka 50 ya Uhuru, nilipiga picha za fataki kwa kamera ya E63. Nimezitunza. Ni vitone vya rangi juu ya weusi, na lazima uambiwe ni fataki.

Shemeji yangu alikuwa mtu wa BlackBerry, na lazima niseme haki yake, alipendeza nayo. Kila akikaa barazani aliiweka mezani kifudifudi halafu anaigeuza, kale kataa kekundu pembeni kanawaka na kuzimika kuonyesha kuna ujumbe, na sote tunajua kuna ujumbe. Watu wa BlackBerry hawakupeana namba, walipeana PIN, tarakimu na herufi nane, wanatamkiana kwa madaha kana kwamba ni namba ya akaunti ya benki. Ndani ya BBM ukimtumia mtu ujumbe, unawekewa alama ndogo: D ukiwa umefika, R ukiwa umesomwa. Hiyo R ilivunja nyumba. Kabla yake mwanaume alikuwa na kinga ya kale, inayoheshimika: "Sikuuona ujumbe wako, mtandao ulikuwa unasumbua." Dada yangu akamletea shemeji simu mbele ya macho yake, akaweka kidole kwenye R. Shemeji akaangalia ile herufi kwa muda, akasema simu inahitaji kutolewa betri.

Na kusema ukweli mara nyingi ilihitaji. BlackBerry ikizidiwa ilikuonyesha alama ya saa ya mchanga, inazunguka, inazunguka, hakuna kinachobonyezeka. Dawa moja tu: chomoa betri, hesabu kidogo, rudisha. Kisha unasubiri iwake, na kuwaka kwake kulichukua muda wa kuagiza chai, kuletewa, na kuimaliza. Ugonjwa huo shemeji hakuuita ugonjwa. Alisema simu inapumzika.

Mpwa wangu naye hakukaa na kinyongo. Mwaka uliofuata alipata Samsung Galaxy Y kwa fedha za mkopo wa chuo, na hapo ndipo Android ilipoingia kwenye ukoo wetu. Nilishangaa sana mara ya kwanza kuishika. Kidole hakibonyezi, kinagusa tu, na ukurasa unateleza. Kioo chake ni cha inchi tatu, na vidole vyangu vilivyozoea chaki na jembe viligusa herufi tatu kwa wakati mmoja. Lakini ugonjwa wake ulikuwa tumbo dogo. Hifadhi ya ndani ilikuwa haba mno. Ukiweka Facebook, ukaweka WhatsApp, ukapiga picha mbili za birthday, simu inalalamika imejaa. Kwa hiyo binti alikuwa akiishi kwa zamu: Jumatatu anafuta mchezo ili aweke programu ya masomo, Ijumaa anafuta ya masomo ili aurudishe mchezo. Na chaji iliisha mchana. Darasani, aliniambia, viti vya karibu na soketi viliwahiwa kuliko viti vya mbele, na mwalimu akadhani ana wanafunzi wanaopenda ukuta.

Android ilikuja pia na tabia ya kujifanya inajua unachotaka kuandika. Nokia ilikuwa na menyu ya Kiswahili, tumeizoea. Hizi mpya zilikuwa zinasahihisha kwa Kiingereza bila kuombwa. Tulipofiwa na jirani, mpwa wangu alimtumia mjane rambirambi ndefu, nzuri, yenye adabu, ikaanza na "Pole Santa". Mama yule alikaa na ule ujumbe siku kadhaa kabla ya kuuliza Santa ni nani kwenye msiba wa Mwislamu.

Halafu kulikuwa na suala la barua pepe. Android haitaki kuwaka vizuri mpaka uwe na akaunti ya Gmail, na wateja wengi wa Kariakoo hawakuwa nayo, hivyo kijana wa dukani anakutengenezea palepale, chapuchapu, kwa jina lolote na neno la siri alilozoea kuwawekea wote. Mama muuza vitenge wa mtaani kwetu alikuwa na anwani yenye jina la mchezaji wa Chelsea. Simu ilipoibiwa, na majina yote aliyoyahifadhi yalikuwa huko, alirudi kwa yule kijana kuomba neno la siri. Duka lilikuwa limeshakuwa la viatu.

Sisi wa laini tulikuwa na njia yetu. Majina yalikaa kwenye laini, ikishajaa unaanza kuchagua nani afutwe, na hapo ndipo ulipowajua marafiki zako. Mwangalifu alikuwa na daftari. Mimi ninalo mpaka leo, la kurasa za mistari, namba za 0744 na 0748 zimekatwa juu yake zimeandikwa 0754 na 0784, na pembeni pa majina mengine nimeweka alama ya marehemu.

Wenzetu wa Kenya walianza Android mapema kwa sababu ya Huawei IDEOS. Mwaka 2011 Safaricom waliileta Nairobi kwa bei ambayo haikufika shilingi elfu kumi za kwao, na ikanunuliwa na watu wa kawaida kabisa, makonda na wauza mboga. Mwalimu mmoja wa Kenya tuliyekuwa naye kwenye semina Arusha alikuwa nayo, ndogo ya kukaa kiganjani. Betri yake haikuvuka jua kutwa, lakini ilikuwa na ukarimu wa ajabu: ilichukua intaneti yake ikawagawia wengine hewani. Kwenye semina ile tulikaa tukimzunguka. Hakununua chai siku zote tulizokuwa pale.

Nataja ukarimu kwa sababu kwetu simu ilipimwa kwa hilo. Kitu cha kwanza kijana alichofanya na simu mpya ni kuwasha bluetooth na kurushiana nyimbo. Vibanda vilijaa mitaani, kompyuta moja na spika mbili, unampa kijana memori kadi anakujazia taarabu, dansi la zamani, mawaidha, kwa shilingi mia chache. Ukishajaziwa, unamrushia jirani, jirani anamrushia shemeji yake wa Kibaha, na mpaka Ijumaa wimbo uko Morogoro. Sasa iPhone, pamoja na bei yake yote, haikuweza kuirushia simu nyingine hata wimbo mmoja. Lumia za mwanzo nazo zilikuwa hivyo. Mtu katoa zaidi ya milioni, mnakaa kwenye basi la kwenda Lushoto, unamwomba wimbo anaousikiliza, anasema simu yangu haitumi. Watu walitazamana. Tulifundishwa tangu utotoni mtu wa namna hiyo anaitwaje.

Kinyume chake kabisa ilikuwa simu ya Kichina ya kaka yangu wa Mbagala. Laini mbili, spika tano kwa macho yangu ingawa nadhani tatu zilikuwa mapambo, mlio wa kuamsha kata nzima, na antena ya kuvuta ya televisheni. Aliangalia mpira barazani kwenye simu, bure, bila kifurushi. Watoto wa mtaa walijazana mgongoni kwake, yeye ameinua antena kuelekea Kigamboni na mtu mmoja amepewa kazi ya kusema "hapohapo, usisogee". Tarehe 31 Desemba 2012 serikali ikazima mitambo ya analojia Dar es Salaam, televisheni zikaingia dijitali na ving'amuzi vyake. Antena ya kaka ikabaki bila kazi. Aliendelea kuivuta kwa mazoea akiwa anaongea na simu, anasema inasaidia mtandao.

Mwisho wa simu ile ulikuja kwa tangazo. Kenya walikuwa wamezima simu bandia tangu mwisho wa Septemba 2012; kwetu Mamlaka ya Mawasiliano iliweka siku yake, 16 Juni 2016. Wiki zile nchi nzima ilikuwa ikibonyeza *#06# kuangalia zile namba kumi na tano za utambulisho. Kaka alibonyeza, namba ikaja, tukaihakiki, tukaambiwa ni ya simu nyingine kabisa. Usiku ule hakulala mapema. Asubuhi kioo kinawaka, saa inasoma, nyimbo zinaimba, lakini mtandao hakuna. Aliifanya redio mpaka betri ilipovimba.

E63 yangu ilikwenda kwa njia nyingine. Fundi wangu alikaa chini ya mwavuli karibu na kituo cha Magomeni, na mswaki, chupa ya spiriti, na raba ya kufutia penseli. Raba hiyo ndiyo iliyokuwa hospitali. Simu ikigoma kuwaka, alichomoa betri, akavisugua vile vibati kwa raba taratibu, akavipuliza, akarudisha, na mara ile mikono miwili ya Nokia inakaribiana kwenye kioo, inashikana, na ule mlio. Alitoza kidogo, wakati mwingine alikataa kabisa kutoza, akasema raba haijaisha. Alikuwa anajua simu za mtaa mzima. Ukipita asubuhi alikuuliza, "Mzee, nyekundu inaendeleaje?" na wewe unamjibu kwa kirefu.

Nokia yenyewe iliuza kitengo cha simu kwa Microsoft, biashara ikakamilika Aprili 2014, na kwetu mtaani hakuna aliyehisi chochote siku hiyo. Tulihisi baadaye. Familia yote ilikuwa imehamia WhatsApp, vikao vya harusi huko, michango ya misiba huko, taarifa za kijiji huko. Ikaja taarifa kwamba simu za Symbian hazitahudumiwa tena na WhatsApp baada ya 30 Juni 2017, na za BlackBerry zitafuata mwisho wa mwaka huohuo. Simu haikuwa mbovu. Betri nzima, vitufe vizima, tochi inawaka. Ila watu wote uliokuwa unazungumza nao wamehamishwa nyumba na wewe hukupewa funguo. Shemeji alishikilia BlackBerry yake kwa simu za kawaida tu, mpaka kampuni ilipozima huduma zake za zamani tarehe 4 Januari 2022, akaiweka kwenye kabati pamoja na vyeti vya shule.

Sasa nina simu ya kioo kama ya kila mtu, Tecno, nzuri sana, sina kesi nayo. Nazungumza na binti yangu aliyeko Muscat tukionana uso kwa uso, namwona mjukuu akiota meno, na hilo E63 isingeliweza hata ungeirudisha nyuma miaka kumi. Lakini haifunguki mgongo. Betri imefungiwa ndani na gundi, ikifa inakwenda nayo, na jirani hana cha kuniazima. Yule fundi wa raba siku hizi anauza kava na protekta za kioo. Nilipompelekea hii mpya ilipoganda, aliigeuza, akatafuta pa kuingizia ukucha, akakosa. Akaniambia niibonyeze kitufe cha pembeni kwa muda mrefu, ijizime yenyewe. Ikajizima, ikawaka. Hakuwa na kazi nyingine, nami sikuwa na sababu ya kukaa.

Mke wangu anatumia tochi ya hii mpya, ila kwanza afungue kioo kwa alama ya kidole, na kidole kina unga wa ngano, simu haimtambui. Analalamika kila jioni umeme ukikatika, na mimi sina jibu la kumpa.

Vijana wanaponiuliza simu gani ilikuwa bora, nawaambia bila kupepesa: Nokia E63, ile nyekundu. Wa BlackBerry najua mpo na mnalo la kusema. Njooni tubishane, chai nitaweka mimi.